Pengo la Namba Arobaini

Kwa miaka mingi bakteria waliokuwa wakiwaua watu wa Kampala kwa kifua kikuu walibeba jina lisilo lao. Vitabu vya maabara viliwaita Mycobacterium africanum, aina ya pili. Hawakuwa hao. Kilicholifuta jina hilo si darubini wala jicho la mtaalamu mzoefu, bali vinasaba vya bakteria wenyewe, na mimi nilikuwa kijana wa maabara habari hizo zilipotufikia. Zilibadili namna ninavyoutazama ugonjwa, na kwa kiasi kikubwa namna ninavyowatazama watu. Ndiyo maana naziandika.

Mimi ni mtoto wa kambi. Nimekulia Mbuya, mashariki ya Kampala, katika nyumba za askari, ambako Kiswahili ndicho kilichotuwezesha watoto wa Waacholi, Walugbara, Wateso na Wanyankole kugombana na kupatana. Juu ya kilima kuna kanisa Katoliki na nyumba kubwa zenye kuta ndefu. Ukiteremka unaingia Kinawataka, bondeni, ambako vyumba vimebanana na maji ya mvua huingia mpaka uvunguni mwa kitanda.

Miaka ile, mtu akikonda na kukohoa, mtaa ulikuwa umeshakata shauri: ana Slim. Hivyo ndivyo UKIMWI ulivyoitwa Uganda. Jirani yetu mmoja, sajenti aliyekuwa akituazima baiskeli yake bila kinyongo, alikonda tukimwona. Watu wakaacha kula kwake. Nyumbani kwake nako wakaacha kumhangaikia, maana Slim haikuwa na dawa, na nauli ya kwenda hospitali ilikuwa na kazi nyingine. Dada yake alipokuja kutoka Gulu akamchukua kwa nguvu kwenda kupimwa makohozi, ilionekana ni TB. Dawa zilikuwepo. Alianza kuzinywa akiwa amechelewa mno, na tulimzika kabla hajamaliza mwezi wa pili wa matibabu. Alihukumiwa kwa dalili. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani hasa kilichokuwa ndani ya kifua chake.

Nilipoingia maabara nilikuta wataalamu wakubwa wamefanya jambo la namna hiyo hiyo, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Bakteria wa kifua kikuu ni mzito kukua. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika kila baada ya nusu saa hivi. Huyu huchukua karibu siku nzima. Tulimwotesha kwenye chupa za Löwenstein-Jensen, chakula kigumu cha kijani kilichotengenezwa kwa mayai, tukamweka kwenye joto la nyuzi 37, na hatukuruhusiwa kutamka kwamba hakuna kitu mpaka wiki nane ziishe. Akiota, hutoa chembe kavu za rangi ya krimu, zilizokunjamana. Hapo ndipo zinaanza vipimo vya tabia. Anatoa niasini? Anageuza nitreti? Anastahimili kemikali fulani? Anataka oksijeni nyingi au kidogo?

Bakteria wa Kampala walijibu maswali hayo vibaya. Waliota chembe ndogo ndogo, na walipenda hewa yenye oksijeni kidogo, tofauti na Mycobacterium tuberculosis wa vitabuni. Sasa, mwaka 1968 watafiti walikuwa wameeleza spishi mpya kutoka Dakar, Senegal, wakaiita africanum. Tabia zake zilikuwa katikati, baina ya bakteria wa binadamu na yule wa ng'ombe. Wa Kampala nao walikaa katikati. Basi wakatiwa kwenye kapu hilo, ila kwa kuwa hawakulingana sawasawa na wale wa magharibi, wakaitwa aina ya pili. Mwaka 2002 watafiti wa Borstel, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Kampala, walichapisha uchunguzi wa bakteria waliokusanywa mjini humu kati ya 1995 na 1997. Kwa vipimo vile vya tabia, takriban theluthi mbili walikuwa africanum aina ya pili.

Lakini uchunguzi huo huo ulitazama pia vinasaba, na humo kulikuwa na jambo la kushangaza. Bakteria hao walijipanga katika koo mbili zilizokaribiana sana, zikapewa majina Uganda ya kwanza na Uganda ya pili, na hazikufanana na za Senegal. Miaka michache baadaye jambo likawa wazi. Kuna kipande cha DNA kinachoitwa RD9. Africanum halisi wa Afrika Magharibi amekipoteza. Bakteria wa ng'ombe naye amekipoteza. Wa Kampala anacho, kizima. Kwa maneno mengine huyu ni Mycobacterium tuberculosis kamili, mwenye tabia za pekee tu. Alichokosa yeye ni kipande kingine, RD724, na pengo hilo ndilo linaloutambulisha ukoo wake. Mwaka 2008 Benon Asiimwe wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha kazi yao ya tarafa ya Rubaga, magharibi ya mji, wakionyesha kwamba ukoo huu wa Uganda ndio unaosababisha sehemu kubwa ya kifua kikuu cha Kampala. Jina la africanum aina ya pili likaondoka vitabuni.

Inafaa nieleze kwa nini pengo linaaminika kuliko tabia. Bakteria huyu habadilishani vinasaba na wenzake kama wafanyavyo bakteria wengi wa tumboni. Kila alichonacho amekirithi kwa mzazi mmoja, na akipoteza kipande hana pa kukipata tena. Ni sawa na jino la mtu mzima, likishang'oka halioti tena. Kwa hiyo wote wenye pengo moja mahali pamoja, ukipanda juu kwenye nasaba yao, utafika kwa babu mmoja aliyeng'oka jino hilo. Tabia ni kitu kingine. Chakula kikibadilika kidogo, joto likishuka usiku umeme ulipokatika, chembe zinakua vingine na jibu linakuwa jingine. Hata jeni ya 16S, ambayo Carl Woese aliitumia mwaka 1977 kuupanga upya mti wa viumbe wote, na ambayo maabara nyingi huitegemea kutambua spishi za bakteria, hapa haifui dafu: katika kundi zima la kifua kikuu inafanana herufi kwa herufi.

Njia tuliyoitumia zaidi ilitoka Uholanzi mwaka 1997, inaitwa spoligotaipi. Katika DNA ya bakteria huyu kuna eneo lenye maneno yaleyale ya herufi 36 yanayojirudia tena na tena, na baina ya kila rudio kuna kipande cha pekee kisichofanana na kingine. Vipande 43 vya namna hiyo ndivyo vilivyochaguliwa. (Eneo hilo hilo leo linasifika duniani kwa jina la CRISPR, kwa sababu ya kazi nyingine kabisa. Sisi lilitufaa kwa nasaba kabla umaarufu huo haujaja.) Unalinakili eneo zima mara nyingi kwa PCR, kisha unamimina sampuli kwenye mifereji myembamba juu ya utando ambao vipande 43 vimeshabandikwa kwa mistari inayokatiza mifereji hiyo. Kipande cha mgonjwa kikikuta mwenzake kwenye utando, vinashikana. Unaosha, unaweka kimeng'enya kinachotoa mwanga, unaufunika utando kwa filamu ya eksrei kwenye chumba cha giza.

Filamu ikitoka kwenye dawa ya kusafishia bado inachuruzika, ukiinyanyua kwenye taa unaona safu za vijisanduku vyeusi. Kila safu ni mgonjwa mmoja. Kuanzia namba 33 hadi 36 kuna uwazi mweupe, ambao ni wa koo nyingi duniani. Kisha weusi unarudi, 37, 38, 39, halafu tundu moja jeupe: namba 40. Kwa wengine ya mwisho, 43, nayo haipo. Huyo ni wa kwetu. Safu baada ya safu, tarafa za Nakawa, Rubaga, Kawempe, tundu lile lile mahali pale pale. Nilipoizoea filamu nilikuwa nikiuona ukoo wa Uganda kabla sijahesabu. Mwaka 2016 kundi la Sebastien Gagneux la Basel lilionyesha kwamba matawi mengine ya nasaba kubwa ambamo ukoo wa Uganda umo, nasaba ya nne, yameenea karibu kila bara, lakini tawi la Uganda limebaki zaidi huku kwetu. Limekaa na watu wa eneo hili, kana kwamba limewazoea.

Kazi ilinirudisha Mbuya. Mwaka 2001 parokia ya pale kilimani ilianzisha Reach Out Mbuya, shirika la kuwahudumia wenye VVU, na mapema kabisa ilionekana kwamba huwezi kumhudumia mwenye VVU ukaiacha TB. Wahudumu wake wengi walikuwa ni watu wa mitaa ile ile, wanaoishi na virusi wenyewe, wanaopita nyumba kwa nyumba kuhakikisha dawa zinanywewa. Nilifuatana nao mara nyingi. Aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja mfupi mwenye mwendo wa haraka, ambaye watu wote wa Kinawataka walimwita Mama, hata wazee waliomzidi umri.

Siku moja tulikuwa na mgonjwa aliyenisumbua akili, mwanamke muuza mkaa. Makohozi yake chini ya darubini hayakuonyesha kitu, jambo la kawaida kwa mwenye VVU, kwa kuwa bakteria huwa wachache. Chupa yake ya kuoteshea, kutoka maabara moja ya mjini, ilirudi na jibu kwamba ana kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa. Mkojo ukawa wa rangi ya machungwa kama ilivyo kwa dawa ya rifampisini, tukaona ni kawaida, lakini macho nayo yakaanza kuwa ya manjano: ini lilikuwa likilalamika. Mama akaniambia, "Musawo," yaani tabibu kwa Kiganda, "huyu hakohoi. Mimi nakaa naye, usiku hakohoi. Mnatibu nini?"

Chembe zake tulikuwa tumezihifadhi. Filamu ilipotoka, namba 40 ilikuwa nyeusi, ipo. Zilizokosekana, mbali na uwazi ule wa 33 hadi 36, zilikuwa 20 na 21. Alama hiyo kila mtu wa maabara ya TB anaijua. Ni ya H37Rv, bakteria wa kufanyia majaribio, kizazi cha bakteria aliyetolewa kwa mgonjwa mmoja wa Marekani mwaka 1905 na kutunzwa kwenye maabara za dunia hadi leo. Muuza mkaa wa Kinawataka hakuambukizwa na Mmarekani wa mwaka 1905. Tone la sampuli ya majaribio lilikuwa limeingia kwenye chupa yake. Mambo haya hutokea hata katika maabara nzuri, na kabla ya kuja kwa alama za vinasaba hakukuwa na namna ya kuyathibitisha. Daktari alipitia faili upya, akamsimamishia dawa, na macho yakarudi kuwa meupe. Tangu hapo sikubali mtu aniambie kwamba vipimo vya vinasaba ni anasa ya watafiti.

Upande wa pili wa vipimo hivi ndio uliohitaji hekima zaidi. Kuna nyumba moja bondeni ambako mume alikufa kwa TB, na mjane wake alipojua kazi yangu aliniuliza swali moja tu: nani alimletea? Alikuwa na jibu lake tayari, fundi viatu wa jirani aliyekuwa akitumia dawa. Alitaka nimsomee filamu za wanaume hao wawili. Na kweli, zilikuwa zimefanana, namba 40 haipo kwa huyu wala kwa yule.

Nilimwambia ukweli kama ulivyo, tumekaa kwenye kizingiti chake. Katika mji ambao wagonjwa wengi wanabeba ukoo mmoja, wawili kufanana kwa spoligotaipi hakuthibitishi kitu. Ungeweza kumchukua mtu wa Rubaga asiyewahi kufika Mbuya, naye angefanana nao. Ili kutenganisha watu wa ukoo mmoja lazima uingie ndani zaidi: njia ya IS6110 iliyowekewa utaratibu wa kimataifa mwaka 1993, ambayo inahitaji DNA nyingi na uvumilivu mwingi, au kuhesabu marudio katika sehemu 24 za vinasaba, au siku hizi kuisoma DNA yote, herufi milioni 4.4. Ukisoma yote, wagonjwa wawili waliopitishiana ugonjwa hivi karibuni kwa kawaida hawapishani zaidi ya herufi chache, kumi na mbili hivi kwa juu. Na hata hapo herufi peke yake mara nyingi hazitakuambia nani alimpa nani, wala kama wote wawili walipata kwa mtu wa tatu ambaye hakuwahi kupimwa.

Hakuridhika. Alikuwa na haki ya kutoridhika, alikuwa amefiwa. Mama ndiye aliyeendelea naye, wiki baada ya wiki, na katika mazungumzo hayo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo filamu yangu isingeweza kulisema. Marehemu na fundi viatu hawakuwa wakitembeleana. Ila wote walikuwa wakinywa pombe ya malwa mahali pamoja, chumba cha mabati kisicho na dirisha, ambako wanaume hukaa jioni nzima kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija haukuwa na hatia. Kifua kikuu hakipiti kwenye pombe. Kilichokuwa kibaya ni hewa. Mama akamfuata mwenye nyumba na viongozi wa mtaa, wakatoboa dirisha kila upande wa chumba kile, na wateja wake wakashawishiwa kupimwa makohozi. Wengine walikutwa wanaumwa.

Jambo hilo si la Mbuya pekee. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 2004, uliolinganisha alama za vinasaba za wagonjwa wa mitaa miwili, ulikadiria kwamba asilimia 19 tu ya maambukizi yalitokea ndani ya nyumba. Mengine yote yalitoka nje. Mashariki ya Uganda, upande wa Tororo, watafiti waliwauliza wagonjwa wenye alama zinazofanana mahali wanapopita, wakaweka majibu kwenye ramani, na watu waliodhani hawana uhusiano wakaonekana wanakutana katika sehemu zilezile. Sisi tulikuwa tumezoea kupima mke na watoto, tukimaliza tunafunga daftari.

Leo mambo yamekuwa mepesi, na wepesi huo una gharama yake. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwishoni mwa 2010 na ambayo Kampala ilikuwa mojawapo ya miji iliyoijaribu, inatoa jibu kwa saa mbili: TB ipo au haipo, na kama inasikia rifampisini. Imeokoa maisha ya watu wengi Kinawataka na ninaishukuru. Lakini inatazama sehemu ndogo tu ya vinasaba. Haikuambii ni ukoo upi, wala haitofautishi bakteria wa binadamu na Mycobacterium bovis wa ng'ombe, na huyu kwa maumbile yake hasikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne tunazompa mgonjwa wa kawaida kwa miezi miwili ya mwanzo. Kwenye filamu bovis hujitambulisha kwa kukosa namba 39 hadi 43. Amepatikana kwa watu wa Karamoja wenye uvimbe wa shingo, na amepatikana kwenye nyama za machinjio ya jiji hili.

Mbuya maziwa yanauzwa mabichi kwa bakuli kila asubuhi, na nusu ya mtaa inayo asili ya watu wa mifugo. Tukipima kila kohozi kwa mashine, tukatupa kilichobaki bila kuotesha hata sehemu ndogo, hatutakuwa na kitu cha kusomea vinasaba, na mgonjwa wa bakteria wa ng'ombe ataandikwa TB kama wengine. Uganda ina uwezo wa kufanya kazi hii: mwaka 2013 maabara yetu ya taifa ya TB ilipewa hadhi ya maabara ya rejea ya kimataifa, na nchi nyingine za Afrika zinaitegemea. Ninachokidai, na nitaendelea kukidai katika kila kikao ninachoalikwa, ni kwamba sehemu ya makohozi ya Mbuya, na ya Karamoja na Mbarara kwenye mifugo mingi, iendelee kuoteshwa na kusomwa mpaka ukoo ujulikane, na kwamba pembeni ya kila jibu la vinasaba iwekwe karatasi ya mhudumu wa mtaa inayoonyesha mgonjwa analala wapi, anasali wapi, anakunywa wapi, na maziwa yake anayachemsha au la.